Neno Dogo Lenye Maana Mia Sita

Tumfikiri baba mmoja, fundi wa kushona nguo mjini Bukavu. Amenunua jenereta ndogo ili kazi yake isilale kila umeme unapokatika. Ubavuni mwa mashine ile mmebandikwa karatasi ya manjano yenye maandishi ya Kiingereza tu. Baba hajui Kiingereza. Katika shule aliyosoma walifundisha Kifaransa. Basi amwita mwanawe aliye katika sekondari, amwambia: «Njoo, mwanangu, unisomee maneno haya.» Kijana ainama, asoma polepole: «Do not run indoors.» Mawili ya kwanza ayajua tangu mwaka wa kwanza: ni kukataza. La mwisho ni «ndani ya nyumba». Na «run», nani asiyelijua? Ni kukimbia! Ajibu kwa furaha: «Baba, wanasema tusikimbie ndani ya nyumba.»

Baba acheka, mama acheka, na jirani aliyekuja kuchukua suruali yake acheka pia. Wazungu na sheria zao! Nani atakimbia katika chumba cha hatua nne? Jioni mvua yanyesha, na wezi waogopwa mtaani. Jenereta yaingizwa ndani, mlango wafungwa, mashine yawashwa.

Mfano huu nimeutunga mimi, wala sikuuona kwa macho. Lakini karatasi zenye onyo la namna ile zipo kweli juu ya jenereta nyingi, na maana yake siyo kukimbia hata kidogo. Maana yake: usiiwashe mashine hii ndani ya nyumba. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa chauma, kizunguzungu chaja, tumbo lachafuka, mikono na miguu yalegea. Na mwenye kulala usingizi hasikii hata hayo, bali hufa bila kuamka. Mbabula yenye makaa ya moto katika chumba kilichofungwa huleta hatari ile ile. Basi kijana yule alijua neno, lakini alijua maana moja tu kati ya mia sita.

Msomaji atasema nimetia chumvi. Hapana, sikutia.

Kamusi iliyochukua miaka sabini

Katika mji wa Oxford, Uingereza, hutungwa kamusi iliyo kubwa kupita zote za lugha ile. Shauri lake lilianza mwaka 1857 katika chama kimoja cha wataalamu wa lugha mjini London. Mwaka 1879 kazi ilikabidhiwa kwa mwalimu mmoja Mskoti, James Murray. Walipatana kwamba itamalizika kwa miaka kumi. Baada ya miaka mitano, mwaka 1884, kitabu cha kwanza kilitoka, nacho kilikuwa kimefika katika neno «ant», yaani siafu, maneno ambayo bado ni ya herufi A! Hapo kila mtu aliona kwamba miaka kumi haitatosha.

Murray alijenga kibanda cha mabati karibu na nyumba yake, akakijaza visanduku vya mbao. Watu wengi, mabwana na mabibi, wakasoma vitabu vya kale na vya sasa bila kulipwa, na kila walipokuta neno limetumika kwa maana fulani walilinakili pamoja na sentensi yake juu ya kipande cha karatasi, wakamtumia kwa posta. Vipande vilifika kwa mamilioni. Murray alikuwa na watoto kumi na mmoja, nao walisaidia kuvipanga kwa alfabeti, wakipata senti kidogo za mfukoni. (Wazazi wetu wenye watoto wengi wataelewa hesabu yake.) Alikufa mwaka 1915, kazi ikiwa haijakwisha. Wenzake waliikamilisha mwaka 1928, miaka sabini na mmoja tangu shauri la kwanza.

Sasa, katika kamusi hiyo, ni neno gani lililohitaji nafasi kubwa kuliko yote? Siyo neno la dini, wala la elimu, wala la ufalme. Ni vitenzi vidogo, vile ambavyo mtoto huvijua kabla ya kuota meno yote. Katika chapa ya pili, iliyotolewa mwaka 1989 katika mabuku ishirini, lililoshinda lilikuwa «set», ambalo kwanza ni kuweka. Kitenzi hicho peke yake kilikuwa na maana 430, na maelezo yake yalifika maneno elfu sitini, yaani kitabu kizima kwa herufi tatu. Baadaye watunga kamusi walianza kuyapitia maneno yote upya. Mwaka 2000 lilishinda «make», kufanya. Mwaka 2007 likashinda «put», kutia. Na mwaka 2011 likatokea neno la kijana wetu wa Bukavu, «run», likayapita yote kwa maana 645. Mtunga kamusi aliyelishughulikia, Bwana Peter Gilliver, alitumia miezi tisa hivi. Miezi tisa! Mama zetu wanajua huo ni muda wa kazi gani.

Mto, pua na duka

Tusijaribu kuzihesabu zote 645. Gazeti halitoshi, na subira ya msomaji haitoshi pia. Lakini tutazame namna neno hili linavyotembea katika maisha ya kila siku.

Mtu hukimbia: hiyo tumeijua. Mto nao, kwa Mwingereza, hukimbia. Sisi twasema unatiririka. Pua hukimbia: ni mtoto mwenye mafua, kamasi zamtoka. Barabara itokayo Bukavu kushuka Uvira hukimbia, ingawa haijasogea tangu ilipochimbwa. Kitenge kipya kikitiwa majini na rangi yake ikaingia katika shuka nyeupe, Mwingereza husema rangi imekimbia. Mama mwenye shuka husema imechuja, na mengine asemayo hatuwezi kuyachapa hapa. Mkataba wa nyumba hukimbia miaka miwili, maana yake wadumu muda huo. Mwenye duka hulikimbiza duka lake, na bado wateja hulikuta pale pale. Anayetaka kuoga hukimbiza maji, yaani afungulia bomba. Mgonjwa wa homa «hukimbiza» joto la mwili. Na katika Kiingereza cha Uganda na Kenya, mtu mwenye kuhara husema tumbo lake linakimbia. Wasomaji wetu waendao hospitali za Kampala walikumbuke hilo, maana daktari anapouliza juu ya tumbo linalokimbia hafanyi mzaha.

Ajabu zaidi ni hii: kuna «run» ambayo ndani yake watu hawakimbii, bali wasimama. Wenye fedha katika benki wakisikia kwamba benki yao ina matatizo, wote huja kwa mara moja kudai akiba zao, na tendo hilo Waingereza huliita «run» ya benki. Katika mwezi wa Septemba mwaka 2007 jambo hilo liliipata benki iitwayo Northern Rock. Habari zilitoka kwamba imeomba msaada kwa Benki Kuu ya Uingereza. Asubuhi yake mistari ya watu ilijaa milangoni, wazee wakiwa na viti vyao vya kukunja, wakingoja saa nyingi bila kusogea. Tangu mwaka 1866 Uingereza haikuwa imeona kitu cha namna ile. Mwezi wa Februari 2008 serikali iliichukua benki hiyo mikononi mwake. Mwanafunzi mwenye kutafsiri habari ile kwa kamusi ndogo angeandika: «Watu walikimbia juu ya benki», na mwalimu angemwuliza kama walipanda darini.

Tena kuna mchezo wa kriketi, waupendao Waingereza na Wahindi. Mpiga mpira hukimbia kiasi cha mita ishirini kutoka nguzo hata nguzo, na kila safari moja huhesabiwa «run» moja. Hiyo ni haki. Lakini akiupiga mpira kwa nguvu hata ukaruka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi, hupewa «run» sita pasipo kukimbia hatua moja!

Mkia uliopotea

Mtu aweza kuuliza: je, Waingereza walikosa maneno, hata wakalitwika moja mizigo yote hii? Sivyo. Lugha yao ina maneno mengi mno. Sababu ni nyingine, na sisi wenye kusema Kiswahili twaweza kuiona upesi kuliko wengine.

Kiswahili huongeza maana kwa kubadili mkia wa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana: kila mkia wasema jambo lake. Mtoto akimbia, akimkimbilia mama, mbwa akimkimbiza. Hata majina huzaliwa humo: mkimbizi, na kimbilio, jina tumwitalo Bikira Maria katika litania. Mwenye kusikia hakosei nani afanya na nani afanyiwa.

Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na vitenzi viwili: kimoja cha kukimbia mwenyewe, na kingine, kilichofanana nacho kwa sauti, cha kukimbiza kitu au mnyama, kama farasi. Watu wa kaskazini walipoingia Uingereza kwa mashua zao walikuja na maneno yao wenyewe, ndugu ya yale. Kadiri karne zilivyopita mikia ikaliwa, sauti zikakaribiana, hata yote yakawa neno moja fupi lisilo na mkia. Ndiyo maana leo «run» yaweza kuwa «kimbia» na yaweza kuwa «kimbiza» bila kubadilika hata herufi, na msomaji aachiwa kazi ya kutambua. Kijerumani hakikufika huko: kimeshika mpaka leo «rinnen» kwa maji yatiririkayo na «rennen» kwa mtu akimbiaye.

Kisha ukaja wakati wa mashine. Mwaka 1830 njia ya reli ilifunguliwa kati ya Liverpool na Manchester, na watu walihitaji maneno ya kusemea vyombo vile vipya vyenye kwenda bila farasi. Hawakutunga neno geni; walichukua «run». Treni zikakimbia, kisha viwanda, kisha motokaa, na siku hizi kompyuta nazo huzikimbiza programu. Kila chombo kipya kikaongeza maana yake juu ya fungu. Katika Kifaransa mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine: mashine ya Mfaransa haikimbii, bali hutembea kwa miguu, «elle marche». Kwa ajili hiyo, mafundi wetu wa Kongo, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, husema «motere inatembea», na Mswahili wa Dar es Salaam husema «inafanya kazi». Injini ni ile ile, petroli ni ile ile. Hapa inakimbia, pale inatembea, kule inatumika kama kibarua.

Vineno vya nyuma

Lakini mtego mkubwa hauko katika neno lenyewe. Uko katika kineno kidogo kifuatacho nyuma yake, ambacho mwanafunzi mvivu hukiruka kwa sababu kina herufi mbili, tatu au nne tu. Kineno hicho ndicho mkia wa Kiingereza. Hakikushikamana na kitenzi kama wetu. Kimekatwa na kuwekwa kando, na mara nyingine hata kinatengwa mbali na mwenziwe kwa maneno manne au matano.

«Run out»: ukitafsiri neno kwa neno ni kukimbia nje. Lakini barua ya muuguzi wa mpakani ikisema kwamba dawa za malaria «have run out», dawa hazikutoroka. Zimekwisha, na msafiri mwenye homa atafute mahali pengine kabla ya usiku. «Run over» ni kufurika, kama kikombe cha Zaburi ya Mchungaji katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Lakini likisemwa juu ya motokaa na mtu, ni kwamba motokaa imemkanyaga. Angalieni umbali ulio kati ya maana hizo mbili! Mama mmoja apokee habari kwamba mwanawe «was run over» huko Kasumbalesa, na mwenye kumsomea akachagua maana ya kwanza, atamwambia nini? «Run into» ni kukutana na mtu kwa bahati, au kugongana naye. «Run down» ni kumsema mtu vibaya, au kuchoka sana, au betri kuishiwa nguvu. «Run up» likienda pamoja na deni, ni kulilimbikiza.

Mwalimu mmoja mzee alinifundisha njia ambayo naitumia hata leo. Usifungue kamusi kwanza. Uliza kwanza: nani akimbia? Ikiwa ni mtu au mnyama, na hakuna kitu mbele ya neno wala kineno nyuma yake, huenda ni kukimbia kweli. Ikiwa ni kitu kisicho na miguu, kama maji, barabara, saa au mkataba, acha kukimbia, tafuta neno la Kiswahili ambalo kitu hicho hulitumia kwetu. Ikiwa mtu akimbiza kitu, kama duka, shule, mashine, mara nyingi ni kuendesha. Na ikiwa kuna kineno nyuma, soma viwili pamoja kama neno moja. Njia hii haikupi maana zote 645, lakini ingemtosha kijana wa Bukavu. Katika onyo lile la jenereta, nani akatazwa? Mwenye mashine. Na karatasi imebandikwa juu ya nini? Juu ya injini. Injini haina miguu.

Wenyewe nao hugombana

Mwanafunzi asivunjike moyo akidhani kwamba wenye lugha hawapotei. Hupotea, tena sana. Uingereza na Marekani zina lugha moja, walakini mtu atakaye kuchaguliwa bungeni London husimama, na mwenzake wa Washington hukimbia. Kiti kitafutwacho ni cha namna moja, mmoja akingoja kura wima na mwingine akihema. Soksi ndefu ya mwanamke ikifumuka uzi, Mmarekani huita «run» na Mwingereza huita ngazi.

Neno jingine liliwahi kuwagombanisha katika saa ya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1941, Marekani ilipokuwa imeingia tu vitani, wakuu wa majeshi ya nchi zote mbili walikutana Washington. Winston Churchill amesimulia habari hii katika vitabu vyake vya vita. Waingereza walikuwa na karatasi ya haraka, wakasema wataka kuitia mezani. Kwao maana yake ni: tuizungumze sasa hivi. Kwa Wamarekani, kuitia mezani ni kuiweka kando ili isahauliwe. Basi wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kutambua kwamba wote wataka jambo lile lile.

Kwetu Kongo swali hili si la darasani tu tena. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kazi zake nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Tangu zamani malori ya Zambia hupita Kasumbalesa, na bidhaa za Kampala na Mombasa hufika Goma, Beni na Bukavu. Juu ya viuatilifu vya shamba, juu ya chupa za dawa, juu ya mashine, juu ya mikataba ya usafirishaji, kumeandikwa Kiingereza. Mtoto wa sekondari ndiye amekuwa mkalimani wa nyumba nzima, na baba humtegemea hata kabla hajafaulu mtihani.

Wala Waingereza wasicheke. Jirani yangu alipata mgeni kutoka Uingereza aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi ndogo, na neno la kwanza alilolishika lilikuwa «kupiga». Siku ya kwanza aliambiwa kwamba bwana wa nyumba amekwenda kupiga simu, akanyamaza. Alisikia kwamba msichana anapiga pasi, akahuzunika. Jumapili walimwambia kwamba mbele ya altare watu wote watapiga magoti, na baada ya Misa watapiga picha, na mchana vijana watapiga mbizi ziwani. Jioni, mtu alipopiga hodi mlangoni, mgeni alimwuliza jirani yangu kwa sauti ya chini huyo hodi amekosa nini.